Bendera Iliyowekewa Ng'ombe

Nyambura mwanangu,

Umeenda Juja kuwaaga wenzako uliosoma nao, na baba yako amelala kwa sababu leo analinda usiku. Nimebaki na nguo zako ulizozipiga pasi. Nimezisogeza kando ili nipate nafasi ya kuandika mezani. Kabla hajalala, baba yako aliniambia, "Muandikie mtoto maneno matamu, kesho anaenda kazi." Nimeyajaribu hayo maneno matamu tangu mchana na yamekataa kuja. Nina hasira, na wewe unaijua, kwa maana tangu jana jioni hatujasemezana ila kuulizana chumvi iko wapi.

Mambo ya kula vizuri na kulala mapema nayaruka. Ya kanisa nayaruka pia, na ya wavulana. Kule chuoni ulijipikia na kujifulia na hukufa njaa, na Ruiru si Ulaya. Nikikukosa sana nitakuja. Ninachotaka tuongee ni ile simu.

Nilikuwa nachambua maharagwe hapa kwenye kiti, nawe ukaiweka simu kwenye spika ili uendelee kukunja nguo. Nilimsikia meneja wako mpya kwa masikio yangu. Ana sauti nzuri, hata alinisalimia aliposikia nikikohoa. Alikueleza jinsi shamba lilivyogawanywa, upande mmoja bado ni kahawa na upande mwingine unauzwa ploti. Akasema utasimamia palizi yote pamoja na watu wa pampu. Nilifurahi mwanangu. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyowaringia kina mama wa mtaa wetu huu wa Landless kwamba binti yangu ni msimamizi. Halafu ukamuuliza swali zuri ulilofundishwa shuleni, kuhusu alama za kuonyesha mistari iliyopigwa dawa. Akacheka.

"Madam, hizo bendera tuliachana nazo," akasema. "Wateja wa ploti wanakuja weekend na familia zao. Wakiona nyekundu nyekundu kila mahali wanaanza kuuliza kama hapa kuna sumu. Wewe piga tu, nyasi ikauke, shamba ikae smart."

"Na wale wamama wa kibarua?" ukamuuliza.

"Hao wamezoea."

Nawe ukasema, "Sawa, boss."

Nilikuuliza, "Sawa nini?" Ukazima simu kwanza ndipo ukanijibu.

"Mum, zii, usianze. Si unajua vile nimetafuta kazi mpaka nikachoka? Nitaona nikifika."

Nitaona nikifika. Niliyaacha maharagwe, nikatoka nje, nikaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Baba yako akaniuliza nafua nini, nikamwambia aniache.

Sasa nataka nikuambie hao waliozoea ni nani, na wamezoea nini. Mengine yalikupata wewe mwenyewe, lakini ulikuwa mdogo na umeyasikia vipande vipande, leo kwangu, kesho kwa shangazi yako anayeongeza chumvi. Leo nitayasema yote kwa mpango wake.

Kabla ya kuhamia Landless tulikaa kambi ya shamba moja la kahawa, huko huko upande wa Ruiru unakokwenda. Mimi nilikuwa kibarua wa palizi. Kila asubuhi nyapara alituita majina na kutugawia mistari, na jirani yangu wa mstari alikuwa Nekesa, mwanamke mrefu wa kutoka Bungoma, mwenye kicheko ambacho kilisikika mpaka barabarani. Nilifika pale nikiwa na mikono yenye nguvu na kichwa kitupu. Nilidhani gugu ni gugu, unalikata, linakufa, unaenda nyumbani.

Mstari wangu wa kwanza ulikuwa umejaa mukengeria, ile inayotambaa, yenye shina la majimaji na maua madogo ya buluu. Niliikatakata kwa jembe mpaka ikawa kama sukuma wiki ya kupikwa, nikaiacha palepale chini ya kahawa. Nilijivunia. Mvua ikanyesha, na niliporudi kila kipande kilikuwa kimetoa mizizi yake. Pale palipokuwa na shina moja palikuwa na kitalu. Nekesa alisimama akaangalia, mikono kiunoni.

"Wewe Wambui, ulipalilia ama ulipanda?"

Ndiye aliyenionyesha kwamba mukengeria hukusanywa kwenye gunia na kutolewa nje, ianikwe juani juu ya mawe ikauke kabisa. Na sangari nayo nikaikosea. Niliikata kwa jembe la kawaida, na mizizi yake ile mirefu myeupe ikabaki chini kwa vipande, kila kipande na uhai wake. Sangari inataka jembe la meno, uinue udongo taratibu na uuvute ule uzi wote mpaka mwisho, na ukikatika uutafute. Ndago ina punje zake chini ya ardhi, ukivuta majani unayabeba majani tu na punje zinakucheka. Kishona nguo ndicho rahisi, ilimradi ukiwahi kabla hakijatoa maua. Ukichelewa, wewe mwenyewe ndiye unayebeba mbegu zake kwa sketi yako ukizipanda kila unakopita.

Haya unayajua kwa majina ya kitabuni, na unayajua vizuri kunishinda. Nayataja kwa sababu nataka uone ninachokasirikia. Watu wengi sana wenye mashamba hawajawahi kuinama kuangalia kilichomea. Wanasema magugu ni magugu. Wananunua dawa moja, wanaipiga juu ya kila kitu, nyasi inakauka na mukengeria inabaki imesimama inameremeta. Badala ya kujiuliza, wanaongeza dawa mara mbili kwenye pampu ileile. Bado haifi. Wanaongeza tena. Aliyebeba hiyo pampu mgongoni, inayomvujia mpaka kwenye suruali, hakuna anayemuuliza kitu.

Lakini kulikuwa na kingine kwenye ile mistari. Palimea managu na terere, mazito, kwa sababu kahawa ilikuwa inatiliwa mbolea. Kwa mwenye shamba hayo yalikuwa magugu. Kwetu yalikuwa chakula cha jioni. Desturi ya pale, niliyoikuta, ilikuwa kwamba ukipalilia unayaruka managu kwa jembe, unayaacha yamesimama, na saa ya chakula unayachuma kwenye leso. Aliyepewa mstari usio na kitu aligawiwa na mwenzake bila kuomba. Nyapara alijua. Mwenye shamba alijua. Nakwambia hata ujira wetu ulikuwa mdogo vile kwa sababu kila mtu alijua tunarudi na mboga.

Ndipo ikaja dawa. Hatukuitwa mkutano wala kuelezwa chochote. Tuliona tu siku moja wanaume wamebeba pampu, na palizi yetu ikaanza kupungua. Asubuhi moja tulipelekwa mistari ya juu kuondoa machipukizi kwenye mashina ya kahawa. Watu wa pampu walikuwa wamepita pale alfajiri, kabla hatujaamka. Majani yalikuwa na majimaji. Tulidhani ni umande. Managu yalikuwa ya kijani, yamenyooka, mazuri kabisa, na Nekesa akasema, "Leo yamenona." Tukachuma. Yeye alijaza leso yake, mimi yangu.

Niliyaosha mara mbili. Andika hilo kichwani mwako, niliyaosha mara mbili, kwa maji ya mfereji. Nikayachemsha, nikayakaanga kwa kitunguu, tukala na ugali. Wewe uliomba uongezewe. Baba yako alikuwa zamu, kwa hiyo sehemu yake tuligawana.

Kabla ya kulala ulianza kutapika. Nikadhani ni shibe. Halafu nami nikaanza, na mdomo ukawa unaniwasha kama nimekula pilipili. Nilikufunga mgongoni, nikakupeleka kwenye zahanati, na njiani nikamkuta dada mmoja wa kambi akienda kumwitia Nekesa msaada kwa sababu hawezi kusimama. Yule mhudumu wa zahanati akaniuliza tumekula nini. Nikamwambia managu. Akaniangalia kuanzia miguu, maana nilikuwa na matope ya shambani, akauliza, "Mama, mboga huwa unaosha?" Hakuuliza yametoka wapi. Hakuuliza kama kuna dawa iliyopigwa. Akatupa dawa ya tumbo na mafundisho ya usafi. Midomo yako ilikuwa na vidonda, hukuweza kunyonya hata chungwa, na mimi nilikuwa nafundishwa kunawa mikono.

Asubuhi iliyofuata nilienda kwenye kuitwa majina. Watu walikuwa wananiangalia, maana hawakunitarajia. Nikamwambia nyapara mbele ya wote kwamba mistari ya juu ilipigwa dawa na hatukuambiwa, na watu wamelala wagonjwa.

"Nani aliwatuma mchume?" akasema. "Hiyo managu ni ya shamba. Mnaiba, halafu mnakuja kulia hapa?"

Nyambura, jana yake yalikuwa magugu. Tulikuwa tunalipwa kuyaondoa. Yalipotuumiza ndipo yakawa mali ya mtu na sisi wezi wake. Sijawahi kusikia maneno ya aibu kama hayo, na niliyasikia nikiwa nimesimama na tumbo linalosokota.

Na bado hayo sio niliyoshindwa kuyasamehe. Nilipokuwa nikirudi kambini nilipita njia ya karibu na nyumba ya mwenye shamba, nikaona kijiti kimechomekwa mwanzo wa mstari, na juu yake kitambaa chekundu. Upande ule mmoja tu. Nikamuuliza mwanaume mmoja wa pampu, aliyekuwa akiosha vyombo vyake kwenye mtaro, kile kitambaa ni cha nini.

"Hiyo ni ya ng'ombe za mdosi," akanijibu. "Huwa zinafungwa hapo zikule nyasi. Tuliambiwa tuweke bendera, mchungaji asizilete mpaka siku zipite."

Walijua. Hicho ndicho kinachonikaba mpaka leo. Sio watu ambao hawakujua dawa inakaa kwenye jani. Walijua inakaa, walijua siku zinatakiwa kupita, walikuwa na kitambaa na kijiti na mtu wa kukichomeka. Wakaketi wakafikiria ni nani anayekula majani katika shamba lile, na wakawakumbuka ng'ombe.

Nekesa alipopata nguvu alirudi kwao Bungoma. Baadaye aliniambia tumbo lake halikuwahi kuwa lile la zamani. Mimi nyapara alinifanyia ile tabia yao, asubuhi baada ya asubuhi naambiwa leo hakuna mstari wako, mpaka mtu anachoka mwenyewe. Tukafunga vitu vyetu tukaja Landless.

Usidhani mimi nilikuwa mjanja katika kila kitu. Ile sehemu niliyokodi kule nyuma ya mtaa wa Kiandutu nikapanda sukuma, unaikumbuka. Sukuma zikaingiwa na wadudu wale weusi wadogo. Nikaazima pampu ya jirani, nikaisuuza mara moja, nikatia dawa ya wadudu, nikapiga. Baada ya muda majani yakajikunja, yakawa membamba, yakawa ya njano. Jirani alikuwa ametumia pampu ile kwa dawa ya magugu, na mimi sikumuuliza. Nilijipiga kofi mwenyewe, kofi la kweli, nikiwa nimesimama katikati ya sukuma. Wewe ulicheka ukaniambia pampu ya magugu iwe yake peke yake, ipakwe rangi, isiguse mboga. Ndivyo tunavyofanya tangu siku ile.

Na kuna yule muuzaji wa agroveti, duka la dawa za shamba, aliyenipimia dawa ya magugu kwenye chupa ya soda, kwa kuwa sikuweza kununua chupa nzima. Haina lebo, haina jina, haina maelezo ya kuchanganya, na ina rangi ya soda. Nilimuuliza nikiiweka nyumbani na mtoto akaiona? Akasema, "Si utaficha, mathe." Nilimrudishia palepale mbele ya wateja wake nikamwambia aifiche yeye kwake. Watu wakadhani nimelewa. Kila mtu hapa ananunua dawa hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba limekuwa jambo la kawaida kabisa, na anayelikataa ndiye anayeonekana ana matatizo.

Utayaona mengi ya namna hiyo huko. Utaona mtu wa pampu akizibua mdomo wa pampu kwa kuupuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Usimcheke, hajapewa kitu kingine cha kuzibulia. Mpe kijiti au brashi kuukuu. Utaona glavu na gambuti zimefungiwa stoo, zinatoka siku wageni wanapokuja kukagua na kurudi jioni. Utaambiwa upepo sio mwingi, piga tu, na upande ule upepo unakoelekea kuna mtu amepanda maharagwe yake. Utaambiwa mvua haitanyesha, na wewe unaliona wingu. Haya yote ulifundishwa. Najua, maana nilikuwa nakusikiliza ukisoma kwa sauti kabla ya mitihani yako, nikipika, na nilikuwa naelewa zaidi ya ulivyodhani.

Ndiyo maana nakuandikia. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni ulipokuja nyumbani likizo. Nilikuwa nachambua managu ya sokoni, nikayanusa kama ninavyofanya siku zote, na ukaniuliza kwa nini huwa nayanusa. Nikakusimulia. Ukaweka simu chini. Ukaniambia kuna dawa inayoingia ndani ya jani na kushuka mpaka mizizini, na jani linabaki la kijani kwa siku nyingi kabla halijaanza kuonyesha. Ukasema hata ningeyaosha mara kumi nisingeitoa. Ukasema, "Mum, haikuwa uchafu. Haikuwa wewe."

Hukujua ulichonifanyia. Miaka yote ile, chini ya hasira yangu, kulikuwa na sauti ya yule mhudumu wa zahanati ikiniuliza kama huwa naosha mboga. Nilikuwa nakuangalia ukiwa mwembamba nawaza ni mikono yangu. Baba yako hakunilaumu hata siku moja, lakini nilijilaumu kwa niaba yake. Wewe ndiye uliyeniondolea hukumu ile, mtoto wangu niliyemlisha, ukiwa umekaa kwenye kile kigoda ukila karanga. Nilikwenda chumbani nikalia vizuri, nikatoka na macho mekundu kukata kitunguu, nawe ukadhani ndicho.

Sasa mtu huyohuyo anamwambia meneja, sawa, boss.

Nimejiuliza tangu jana hiyo sawa umeitoa wapi, na jibu sikulipenda. Umeitoa kwangu. Baada ya yale ya Ruiru niliogopa usije ukafukuzwa mahali kwa ajili ya mdomo. Mwalimu akikuonea nilikuambia nyamaza, umalize shule. Wenye nyumba wakitukatia maji nilikuambia wasalimie kwa heshima. Nilikulea uwe mpole kwa wakubwa, na wakubwa wamekupenda kwa hilo, hata kazi hii naamini umeipata kwa upole wako. Hapo nilikosea. Nilikufundisha kunyamaza halafu nakukasirikia kwamba umenyamaza. Ukiniambia sio haki, nitakubali.

Lakini siwezi kukubali lile la kuona ukifika. Utaona nini? Utafika Jumapili, upewe chumba, upewe funguo za stoo. Jumatatu alfajiri watu wa pampu watakuuliza wanaanza wapi, na utawaambia. Baada yao vibarua watateremka kwenye lori na kuingia kwenye mistari. Hakuna saa katikati hapo ya kukaa na kuona. Kitambaa kitakuwa kimechomekwa au hakitakuwa.

Najua utasema kwamba meneja atakufukuza. Huenda. Jaribu kwanza kumwambia ukweli kwa njia yake anayoielewa, kwamba mteja wa ploti akija na mtoto wake, na mtoto achume jani kwenye mstari usio na alama, ploti hazitauzwa tena. Mwambie wapige Jumanne, ili ikifika Jumamosi siku zilizoandikwa kwenye lebo ziwe zimepita na vitambaa vimeondolewa. Mwambie upande unaotazama barabara tutaupalilia kwa mikono, ili hao wateja wasione nyekundu. Una akili ya kupanga hayo. Akikataa yote, weka vitambaa hivyo hivyo. Na akikufukuza, rudi nyumbani, chumba chako kipo. Sitakuuliza swali hata moja, na baba yako nitamnyamazisha mimi.

Lile neno lake ndilo linalonirudia nikifunga macho. Hao wamezoea. Anadhani vibarua ni watu fulani waliozaliwa na matumbo ya aina nyingine. Bado wanachuma, Nyambura. Nimekwenda kuuliza. Mchana huu, ulipokuwa umeshaenda Juja, nilivuka mpaka Kiandutu kwa yule mama anayeandika majina ya vibarua wa shamba lako. Nikamuuliza wanawake wanarudi na nini jioni. Akasema, managu, ya shamba hilo ni mazuri. Nikamuuliza kama kuna siku wameambiwa wasichume. Akafikiria, akasema hapana, hakuna aliyewahi kuwaambia.

Nikamwambia aandike jina langu.

Usikasirike, na usimpigie baba yako kelele, yeye bado hajui. Mikono yangu bado inaweza, na mgongo ukikataa nitapumzika. Jumatatu lori la vibarua litanipitia alfajiri, nitateremka pamoja nao na jembe langu la meno. Usiniite Mama mbele yao. Niite jina ama usiniite, nigawie mstari unaotaka, mimi nitafanya kazi.

Saa ya chakula nitafanya wanachofanya wote. Nikikuta kitambaa mwanzo wa mstari, nitawaambia wenzangu tupite. Nisipokikuta, nitachuma, nitakuja nayo nyumbani, nitaosha mara mbili, nitapika, na nitakula. Sitakuja kukuuliza kwanza, kwa kuwa wale wengine hawana mtoto wa kumuuliza.

Mimi mama yako,
Wambui